Faida iliyobaki kwenye skrini: kisa cha likelemba moja ya Lubumbashi na programu mbili za kuboresha mkakati

Mwezi wa Juni 2023, asubuhi ya baridi kama zilivyo asubuhi za kiangazi hapa Lubumbashi, mama mmoja mweka hazina wa likelemba (kikundi cha kuchanga akiba kwa pamoja) ya mtaa wa Katuba alifika nyumbani kwangu na bahasha yenye karatasi zilizochapwa kwa rangi. Alikuwa na swali moja tu: je, kijana wao ameiba? Likelemba hiyo ina watu kumi na wawili, wengi wao wauzaji wa sokoni na walimu, na mwezi wa Januari walikuwa wamemkabidhi kijana wa mmoja wao dola 2,400 za akiba ya pamoja ili azizungushe katika biashara ya fedha za kigeni kwenye mtandao. Karatasi alizowaonyesha kabla ya kupewa fedha zilisema kwamba mkakati wake ungekuwa umeigeuza akiba hiyo kuwa dola 7,900 kama ungefanya kazi tangu mwanzo wa 2019 hadi mwisho wa 2022. Alianza tarehe 1 Februari. Hadi tarehe 31 Mei akaunti ilikuwa na dola 1,610.

Mimi hufundisha takwimu, na nilikubali kulichunguza jambo hili kwa masharti mawili: kijana mwenyewe akae mezani nami tangu mwanzo hadi mwisho, na nitakachokiona nikiandike wazi ili wengine wakisome. Likelemba ilikubali, mradi nisitaje majina. Sitaitaja pia programu iliyotumika mwanzoni, kwa sababu ziko nyingi za aina hiyo na kasoro nitakayoieleza si ya mtengenezaji mmoja.

Swali la wizi lilijibiwa kwa siku moja. Tulifungua taarifa ya akaunti moja kwa moja kutoka kwa dalali, yaani kampuni iliyompitishia kijana biashara zake, si nakala ya kijana, tukasoma biashara zote 214 mstari kwa mstari, kisha tukalinganisha fedha zilizoingia na zilizotoka. Ziliingia dola 2,400 mara moja tu, na hakuna hata dola moja iliyotolewa. Kijana, ambaye kwa wiki mbili alikuwa hapiti tena mbele ya kibanda cha mama yule, alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema: “Papa, nilikuambia, mimi sikula makuta ya watu.” Ni kweli hakuyala. Lakini dola 790 zilikuwa zimekwenda, na karatasi zilizoahidi dola 7,900 zilikuwa bado mezani, zikiwa na mstari wa buluu unaopanda kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia karibu bila kuyumba. Kazi iliyobaki ilikuwa kueleza jinsi mstari ule ulivyopatikana.

Mkakati wenyewe ni wa kawaida mno. Unafuatilia euro dhidi ya dola kwa vipindi vya saa moja moja. Wastani wa bei wa muda mfupi ukikata juu ya wastani wa muda mrefu, unanunua. Ukikata chini, unauza. Na kila biashara ina kikomo cha hasara, yaani bei ambayo ikifikiwa biashara inafungwa. Kwa hiyo kuna vigezo vitatu vya kupanga: urefu wa wastani mfupi, urefu wa wastani mrefu, na umbali wa kikomo. Kijana alikuwa amelipia programu ambayo kazi yake ni kukupangia vigezo hivyo. Unaichagulia jozi ya fedha, unaipa kipindi, unabonyeza kitufe kimoja, nayo inajaribu michanganyiko yote na kukuletea ule uliopata faida kubwa kuliko yote. Wastani mfupi ulijaribiwa kuanzia 5 hadi 50 kwa hatua ya 1, yaani thamani 46. Wastani mrefu kuanzia 20 hadi 200 kwa hatua ya 5, yaani thamani 37. Kikomo kuanzia pipsi 10 hadi 100 kwa hatua ya 5, yaani thamani 19 (pipsi moja ni badiliko la 0.0001 katika bei ya euro). Ukizidisha unapata michanganyiko 32,338. Kompyuta za mbali za mwenye programu ziliimaliza kazi hiyo kwa dakika kumi na moja, na mshindi akawa 13, 85 na 35.

Sitaki kudharau dakika hizo kumi na moja. Mtu asiyeishi hapa anaweza kuuliza kwa nini kijana aliyesoma hakutumia programu inayomruhusu kupanga kila kitu mwenyewe kwenye kompyuta yake. Alijaribu. Umeme ulikatika mara tatu katika jioni moja, betri ya kompyuta yake hudumu saa moja na nusu, na kupakua bei za miaka minne kulimmalizia kifurushi cha intaneti cha wiki nzima. Programu inayofanya kazi kwenye mashine za mbali na kukuletea jibu kabla umeme haujakatika inatatua tatizo la kweli, na wanaowashauri vijana wetu waiache bila kuzungumzia umeme hawajawasaidia kitu.

Basi dola 790 zilikwenda wapi? Kijana alikuwa akifanya biashara kwa sehemu moja ya kumi ya loti (loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara, sawa na euro 100,000), kwa hiyo kila pipsi moja ilikuwa na thamani ya dola moja, na hesabu ikawa rahisi kufuatilia. Spredi, yaani tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, ilikuwa kwa wastani pipsi 1.4 katika biashara zake. Mara 214 ni karibu dola 300. Riba ya usiku ilichukua dola 64, kwa sababu mwaka huo riba ya dola ilikuwa juu kuliko ya euro, na anayeshikilia euro dhidi ya dola hadi kesho yake hutozwa tofauti hiyo. Usiku wa mara mbili ambapo umeme ulikatika huku biashara ikiwa wazi ulichukua dola 135: sehemu ya mkakati iliyokuwa ikisogeza kikomo cha hasara ilikuwa ikiendeshwa kwenye kompyuta ya nyumbani, si kwa dalali, hivyo kompyuta ilipozima kikomo kilibaki pale pale. Zilizobaki, dola 291, zilipotea kwa sababu mkakati ulinunua na kuuza pasipostahili. Ukiondoa gharama zote, ukiondoa umeme, ukimpa kijana kila nafasi, bado angepoteza.

Wanachama walipoyasikia haya, wengi walitaka kusimama kwenye ile 300 na ile 135: gharama na umeme, mambo mawili ambayo kila mtu hapa anayaelewa. Niliwaomba wasisimame hapo. Ile 291 ndiyo iliyonishughulisha wiki tatu zilizofuata.

Tuanze hata hivyo na spredi, maana madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana kwenye taarifa. Programu ya kitufe kimoja ilikuwa imeifanya spredi kuwa sifuri. Mahali pa kuibadilisha palikuwapo, ndani ya ukurasa wa tatu wa mipangilio ambao kijana hakuwahi kuufungua, kwa kuwa uzuri wa kitufe kimoja ni kwamba hulazimiki kufungua chochote. Katika ile miaka minne ya majaribio mkakati ulifanya biashara 2,510. Ukizitoza kila moja dola 1.40, unapata dola 3,514, na faida ya dola 5,500 iliyokuwa kwenye karatasi inashuka hadi 1,986. Wengi huishia kwenye hesabu hii ya kutoa. Lakini pale ambapo kufanya biashara hakugharimu kitu, mkakati unaonunua na kuuza mara nyingi una nafasi nyingi za kuokota faida ndogo ndogo, na programu inayotafuta faida kubwa kuliko zote itavutwa upande huo. Kosa la spredi, kwa hiyo, halikukata faida ya mkakati mzuri. Lilibadilisha mkakati uliochaguliwa. Ukilisahihisha baada ya uchaguzi, umechelewa, kwa kuwa aliyeshinda shindano lisilo na gharama si yule ambaye angeshinda shindano lenye gharama.

Jambo la pili lilionekana tulipoigawa ile faida ya dola 5,500 kwa miaka. Dola 3,700 zilitoka mwaka 2022 peke yake. Wanaokumbuka mwaka huo wanajua sababu: benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba mwezi Machi kutoka kati ya asilimia 0 na 0.25, na kufikia Desemba riba hiyo ilikuwa kati ya asilimia 4.25 na 4.5, dola ikapanda, na mwezi Julai euro ikawa sawa na dola kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka ishirini, kisha mwezi Septemba ikashuka hadi karibu 0.95. Mkakati wowote unaofuata mwelekeo ungevuna katika mteremko mrefu kama ule. Lakini miezi ya Februari hadi Mei 2023 haikuwa na mteremko: euro ilianza Februari ikiwa karibu 1.10, ikashuka hadi karibu 1.05 mwezi Machi, ikarudi juu karibu 1.11 mwishoni mwa Aprili, ikashuka tena. Mkakati ulikuwa ukiamini kila mwelekeo pale tu ulipokuwa ukiisha.

La tatu ndilo nililomwonyesha kijana kwenye skrini. Nilimwomba aubadilishe ule wastani mfupi kutoka 13 hadi 12, na kila kitu kingine akiache kilivyo, bado kwa spredi sifuri. Faida ya miaka minne ilishuka kutoka dola 5,500 hadi 3,050. Nikamwambia aweke 14. Ikawa 2,400. Hakuna mtu anayeweza kueleza kwa nini soko la euro, linaloendeshwa na mabenki ya dunia nzima, lingejali kama wewe unahesabu wastani wa saa 13 badala ya 14. Tuliokulia mjini hapa tunalijua bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, lililosimama kando ya kile kilima cheusi cha taka za shaba: ni refu kuliko kila kitu, lakini huwezi kusimama juu yake. Kilele cha programu kilikuwa bomba la aina hiyo. Anayetaka kuweka fedha za watu anapaswa kutafuta uwanda kama wa Kundelungu, mahali palipoinuka ambapo ukipiga hatua kumi kushoto au kulia bado uko juu. Programu ya kitufe kimoja haikuwa na njia ya kuona tofauti kati ya bomba na uwanda, kwa sababu ilikuwa imeagizwa swali moja tu, nalo ni: wapi ni juu zaidi?

Kijana bado hakuridhika, na alikuwa na haki. Alisema kwamba hata 2,400 ni faida, hata 3,050 ni faida, kwa hiyo kitu fulani cha kweli lazima kiwepo ndani ya mkakati. Hapo tukafanya jaribio ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kufanywa na kila mtu kabla hajalipia programu yoyote ya kuboresha mikakati. Tulichukua mabadiliko ya bei ya saa moja moja ya miaka yote minne, karibu 25,000, tukayachanganya kama mtu anavyochanganya karata, kisha tukayapanga upya kuwa historia mpya ya bei. Mabadiliko ni yale yale, makubwa kwa madogo, lakini mpangilio wake umevunjwa. Hakuna mwelekeo wala kumbukumbu iliyobaki humo isipokuwa kwa bahati. Historia hiyo ya uongo tuliiingiza kwenye programu yake na kubonyeza kitufe.

Dakika kumi na moja baadaye programu ilileta mstari wa buluu unaopanda kutoka kona hadi kona. Faida: dola 4,640. Vigezo vilikuwa vingine kabisa, lakini mstari ulikuwa mzuri vile vile, na chini yake palikuwa na maneno yale yale ya pongezi. Kijana aliuangalia kwa muda, akaomba turudie. Tulichanganya na kubonyeza mara 20, kwa siku mbili. Kila mara programu ilileta faida. Ndogo kuliko zote ilikuwa dola 2,900, na mara sita kati ya hizo 20 ilizidi zile dola 5,500 ambazo likelemba ilikuwa imeziamini. Yaani bei zisizo na maana yoyote ziliweza kutoa karatasi nzuri kama ile, au nzuri kuliko ile, karibu mara moja katika kila tatu.

Anayejaribu michanganyiko 32,338 na kuchukua bora kuliko yote hapimi soko; anapima bahati ya mshindi wa bahati nasibu baada ya kumjua mshindi. Mkakati ulikuwa umekariri historia, kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana pamoja na makosa ya uchapaji. Wanahisabati David Bailey, Jonathan Borwein, Marcos López de Prado na Qiji Jim Zhu waliliandika jambo hili kwa hesabu kamili mwaka 2014. Walionyesha kwamba mtu mwenye data ya miaka mitano hapaswi kujaribu zaidi ya mipangilio 45 inayojitegemea. Akizidi hapo, ni karibu hakika atapata mkakati unaong'aa kwenye data ya zamani ilhali matarajio yake kwenye data mpya ni sifuri. Ni kweli kwamba michanganyiko 32,338 haijitegemei, kwa kuwa 13 na 14 ni majirani, na mingine haina maana kabisa kwa kuwa wastani mfupi unaupita ule mrefu. Lakini kijana alikuwa na data ya miaka minne tu, na kati ya 45 na 32,338 hakuna haja ya kubishana juu ya ujirani.

Mzee mmoja wa likelemba aliuliza swali ambalo naliheshimu: kwa nini mtoto asifanye biashara ya shaba, ambayo sisi tunaiona kila siku kwenye malori yanayoelekea Kasumbalesa, badala ya euro ambayo hatuijui? Bei ya shaba hupangwa kwenye soko la metali la London, ambako mkataba mmoja ni wa tani 25. Kwa bei ya mwaka huo, iliyozidi dola 8,000 kwa tani, mkataba mmoja ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 200,000. Zipo njia za kushika sehemu ndogo zaidi kupitia kwa madalali, lakini kuona malori yakipita hakumwambii mtu lolote kuhusu bei ya Jumanne ijayo, na programu ingekariri historia ya shaba kwa urahisi ule ule.

Baada ya hapo tulihamia programu ya aina ya pili, ile ya kujipangia kila kitu mwenyewe. Tulitumia MetaTrader 5, ambayo ndani yake kuna chombo cha kujaribia mikakati. Nayo pia ina kitufe cha kuanza, na ukikibonyeza bila kufikiri itakupa bomba la moshi kama nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba inakuruhusu kuandika mwenyewe kipimo cha ushindi, kuchelewesha maagizo kwa muda wa kubahatisha kama yanavyochelewa kweli, na kutenga sehemu ya data ambayo mkakati hautaiona wakati wa kuboreshwa. Kabla ya kuiwasha, mimi, kijana na mama mweka hazina tuliandika masharti kwenye daftari. Spredi iwe pipsi 1.4 na riba ya usiku itozwe. Hatua za vigezo ziwe pana: thamani kumi kwa kila kigezo, michanganyiko 1,000 badala ya 32,338. Kipimo kisiwe faida ya mchanganyiko mmoja bali faida ya katikati ya mchanganyiko huo pamoja na majirani zake wote, ili bomba lishushwe na uwanda uinuliwe. Tuboreshe kwa miaka miwili, tujaribu kwa miezi sita inayofuata, kisha tusogee mbele miezi sita na kurudia. Njia hii ilienezwa na Mmarekani Robert Pardo, na kwa bei za 2016 hadi 2022 ilitupa vipindi kumi vya majaribio. Bei za 2023 zisiguswe hadi mwisho, na ziguswe mara moja tu.

Mama mweka hazina hajui kitu kuhusu euro, lakini miaka mingi ya kushika daftari la likelemba imemfundisha kwamba kisichoandikwa kabla ya fedha kutoka huandikwa baadaye na mwenye maneno mengi. Ni yeye aliyesisitiza kwamba kila jaribio, hata lile la kukosea, lipewe mstari wake na tarehe.

Kazi ilichukua usiku mbili, kwa betri ya jua ya jirani yangu. Kati ya vipindi kumi, vitano vilileta faida na vitano hasara. Jumla ilikuwa faida ya dola 87 kwa miaka mitano, na katikati ya safari kulikuwa na shimo la dola 610, yaani akaunti ilishuka kiasi hicho kutoka kilele chake kabla ya kupanda tena. Wastani mfupi uliochaguliwa ulikuwa 10 katika kipindi cha kwanza, 45 katika cha pili, 15, kisha 50, kisha 5. Mkakati wenye kitu cha kweli ndani yake hauruki namna hiyo.

Sasa nifike mahali ambapo naona wanaosifu programu za kujipangia hukaa kimya. Kijana alipoiona ile 87 alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba huenda saa za usiku ndizo zinazoharibu, kwa hiyo tuziondoe. Tukaziondoa: dola 540. Akasema siku za Ijumaa pia. Dola 760. Akapendekeza kipimo kingine cha ushindi, kinachogawanya faida kwa shimo kubwa. Dola 1,120. Kisha vipindi vya kuboreshea vya miaka mitatu badala ya miwili, na hapo ikafika 1,900. Kila pendekezo lilikuwa na sababu inayosikika vizuri, na hakuna hata moja ambalo mimi mwenyewe nisingeweza kulitetea darasani. Mama mweka hazina, aliyekuwa akiandika, alitazama ukurasa wake akauliza: “Papa mwalimu, hii mistari mitano siyo kile kitufe tena, ila sasa mnakibonyeza kwa mkono?”

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Programu ya kitufe kimoja walau inahesabu majaribio yake. 32,338 ilikuwa imechapwa chini ya karatasi, kwa herufi ndogo, lakini ilikuwapo. Programu ya kujipangia inahamishia majaribio kichwani mwa mtu, ambako hayahesabiwi na kila moja linaonekana kuwa fikra mpya. Mtu anabadilisha kichujio, anabadilisha kipimo, anabadilisha kipindi, na mwishoni anaamini kwamba amefanya jaribio moja la makini wakati amefanya sitini na kutupa hamsini na tisa. Kwa mtu asiyeandika, naiona programu hii kuwa ya hatari kuliko ile ya kitufe, kwa sababu mtumiaji wake hutoka na uhakika mkubwa zaidi na lugha nzuri zaidi ya kuwashawishi wengine. Kwa anayeandika kila jaribio na kukubali kikomo cha majaribio kabla ya kuanza, ndiyo pekee ninayoweza kuipendekeza, kwani huwezi kuiuliza swali lako mashine ambayo imeshajichagulia swali.

Tulikata shauri kwamba mkakati wa asili, wenye ile faida ya 87, na ule wa marekebisho manne, wenye 1,900, yote miwili ipelekwe kwenye bei za Januari hadi Mei 2023 ambazo hazikuwa zimeguswa. Kila mmoja mara moja, na matokeo yasiyoweza kubadilishwa. Wa asili ulipoteza dola 148. Wa marekebisho ulipoteza dola 233.

Likelemba ilikutana Jumapili iliyofuata. Niliwaeleza kwamba kijana hakuiba, kwamba karatasi alizowaonyesha alikuwa akiziamini, na kwamba fedha za sukari na ada za shule hazikupaswa kuwekwa kwenye akaunti ya namna ile hata kama karatasi zingekuwa za kweli. Niliwakumbusha kwamba mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilitangaza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika biashara ya aina hii hupoteza fedha. Dola 1,610 zilirudishwa kwenye sanduku. Zile 790 familia ya kijana iliahidi kuzilipa kwa dola 40 kila mwezi, jambo ambalo sikulipendekeza na sikulipinga, kwa kuwa hilo ni la wao kwa wao.

Kijana anaendelea na akaunti ya mazoezi, bila fedha ya mtu. Daftari halikai kwake. Linakaa kwa mama mweka hazina, kibandani, na yeye huenda Jumamosi kuandikisha alichojaribu wiki hiyo. Nilipolipitia mara ya mwisho lilikuwa na mistari 31 kati ya 45 waliyokubaliana. Mstari wa 31 ulikuwa na tarehe, vigezo vitatu, na mahali pa matokeo palikuwa hapajajazwa, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.